Chembe za sumaku: picha ya hadubini haitoshi
Kule Geita, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, dhahabu na aseniki hukaa mwamba mmoja, na baadhi ya visima vya Kanda ya Ziwa vimekutwa na aseniki kupita mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Tiba mojawapo inayotajwa ni chembe nano (ndogo mno, za kupimwa kwa nanomita, sehemu ya bilioni ya mita) za magnetaiti, madini ya chuma yenye usumaku: zinanasa aseniki, kisha sumaku inazivuta nje ya maji pamoja na sumu yake. Ubishi uko kwenye kipimo gani kidaiwe kwanza kabla ya kuzinunua: ukubwa wake, unaoonekana kwa hadubini, au usumaku wake.

Wengi hudai ukubwa, na wana hoja. Chembe zikiwa ndogo, gramu moja ina eneo pana zaidi la kunasia, na hadubini ya elektroni inaonyesha kilichopo. Anayepima usumaku huupata ukubwa kwa hesabu tu, akichukulia kuwa chembe haziathiriani, ilhali mara nyingi zinaathiriana.

Hata hivyo, kuuita upimaji wa usumaku njia ya wasio na hadubini ni kuuonea. Hadubini huhesabu chembe mia kadhaa. Kipima usumaku hupokea jibu la mabilioni yaliyomo kichupani. Na chembe chache zilizo majitu kati ya wenzake zinatosha kuharibu kazi. Mwanafizikia Mfaransa Louis Néel alionyesha mwaka 1949 jinsi muda wa chembe kugeuza mwelekeo wa sumaku yake unavyoruka kadiri ujazo unavyokua. Magnetaiti ya nanomita 10 hugeuka ndani ya sehemu chache za bilioni ya sekunde. Ya nanomita 30 ina ujazo mara 27 tu, lakini inaweza kushikilia mwelekeo wake miaka! Ukiondoa sumaku, ndogo hutawanyika tena majini. Kubwa hubaki zimeshikamana chini ya chupa, tope jeusi linalogoma hata ukilitikisa. Muuzaji ataandika "wastani nanomita 12", na hatakuwa amedanganya. Mchoro wa usumaku, yaani grafu ya jinsi chembe zinavyoitikia sumaku ikiongezwa na kuondolewa, usiporudi sifuri sumaku ikiondolewa ndio unaomuumbua.

Vipima usumaku vya mkononi, wanavyotembea navyo wanajiolojia wa migodini, havitoi mchoro mzima. Kulinganisha mzigo mpya na wa zamani vinaweza.

Halafu kuna kutu. Magnetaiti ikikutana na oksijeni hugeuka taratibu kuwa maghemaiti: weusi unaelekea kahawia, nguvu inapungua, na kwenye picha ya hadubini kijiduara ni kilekile. Mimi ningedai mchoro uliopimwa baada ya chembe kulala majini wiki kadhaa, si wa siku zilipotoka maabara.