Andrew Asingefika Mbali Mji wa Kale

Filamu za ule mtindo wa kujifanya video imeokotwa mahali huwa zinanikera kwa swali moja: mbona huyu hatupi kamera akakimbia? Jitu linamfukuza, mwenzake keshaliwa, naye bado anapiga picha. Tangu mwaka 1999, wale wanafunzi watatu walipopotea kwenye msitu wa Maryland katika The Blair Witch Project, waongozaji wengi wamelikwepa swali hilo kwa visingizio. Chronicle ya Josh Trank, iliyotoka 2012, inalijibu, tena kabla hakijatokea chochote cha ajabu.

Andrew ni mvulana wa sekondari huko Seattle. Mamake yu kitandani, anaumwa saratani, na dawa ni ghali. Babake alikuwa zimamoto, akaumia kazini, sasa kazi yake ni pombe na makonde. Filamu inafunguka chumbani kwa Andrew, mlango umefungwa kwa ndani, baba yuko nje anaugonga kwa hasira. Mtoto anamjibu kwamba ananasa video, na kuanzia sasa atanasa kila kitu. Ndiyo sababu hawezi kuitupa kamera: hana ukuta mwingine wa kujikinga. Shuleni wanamchokoza kwa ajili yake, kwenye sherehe inamletea ugomvi, na bado haachani nayo.

Kisha Andrew, binamuye Matt na rafiki yao Steve wanateremka kwenye shimo lenye kitu king'aacho, na wanatoka na nguvu za kusogeza vitu bila kuvigusa. (Steve ni Michael B. Jordan, yule ambaye mwaka 2018 sote tulimjua kama Killmonger, adui katika Black Panther. Hapa ndiye mwenye roho nzuri kuliko wote.) Nguvu zenyewe ni kama misuli: zinakua kwa mazoezi, na ukizidisha unatoka damu puani. Sasa, watoto wa umri ule wakipewa uwezo huo wanafanya nini? Katika filamu nyingine wangeshona mavazi ya kubana wakaenda kuokoa mji. Hawa wanarushiana mpira usoni. Wanapandanisha matofali ya Lego hewani. Wanaingia dukani wakamtisha mtoto kwa dubu wa kuchezea, halafu wanalihamisha gari la mwanamke mmoja kutoka alipoliegesha na kujificha wamtazame anavyolitafuta.

Hapo ndipo nilipoamini kila kitu. Wape nguvu hizo vijana wa mtaani kwetu uone: kofia ya maalim ingepaa madrasani, kikombe cha kahawa cha mzee kingemkimbia barazani, na konda wa matatu angesukumwa na upepo asiouelewa hadi arudishe chenji. Uhalisia wa filamu hii umo kwenye utundu, wala si kwenye picha kutikisika.

Na kutikisika kwenyewe hakudumu. Andrew akishajua kusogeza vitu kwa akili, anaipandisha na kamera. Inaelea juu, inamzunguka taratibu, picha zinatulia na kupendeza. Ukiwa mvivu utadhani mwongozaji amechoka na mtindo wake. Kumbe ni mtoto anayebadilika: mwanzo alikuwa nyuma ya kamera, akijificha, sasa yuko mbele yake, anajitazama, na wengine anawaona kutoka juu. Sijaona filamu nyingine ya aina hii iliyotumia kasoro ya mtindo wake kusimulia tabia ya mtu.

Lakini nilipokuwa nikiitazama, kichwani nilikuwa Mji wa Kale, Mombasa. Mtoto wa pwani huambiwa tangu mdogo asiingie mapangoni ovyo, mna wenyewe. Hawa watatu wangeingia, sawa, watoto hawasikii. Ila kutoka muhina, ile damu ya puani, mara mbili tu bibi angeshauliza: "Mwanangu, mlikwenda wapi nyinyi?" Kabla ya magharibi ubani ungekuwa unafuka, maalim ameitwa, kombe limeandikwa (aya zinazooshwa zikanywewa), na jirani wa pili keshajua. Hakuna ambaye angesema nguvu za ajabu. Wangesema jini, na wangetaka kujua anataka nini. Ucheke au usicheke, kuna mtu angekuwa amemtazama usoni yule mtoto.

Kwenye filamu hakuna anayemtazama. Andrew analisukuma gari la mtu barabarani hadi linatumbukia mtoni, na anayetunga sheria baada ya hapo ni Matt: tusiutumie uwezo huu kwa viumbe hai, tusiutumie tukiwa na hasira, tusiutumie mbele za watu. Sheria nzuri kabisa. Zimetungwa na mtoto, kwa sababu hapana mkubwa aliyejua kuna jambo. Mimi pale niliogopa kuliko pale miji inapobomolewa.

Wala nisijitape sana. Kisauni, hapo hapo Mombasa, tumeona vijana wadogo wakivamia watu na mapanga, na kila mara mjadala ni ule ule: nani kawapa mapanga, polisi walikuwa wapi. Huyo bibi niliyemsifu hapo juu, sina hakika kama bado anakaa barazani kila mtaa, wala kama vijana wenyewe bado wanarudi nyumbani mapema kiasi cha kuonekana.

Mwisho wa filamu haukunipendeza. Vita vya angani vya Seattle vinaungwa kwa kamera za usalama na za polisi, na ghafla tuko kwenye sinema kama nyingine. Na yule msichana Casey, naye ana kamera yake, nadhani aliwekwa ili tu kuwe na lenzi ya pili.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba sehemu kubwa ya hiyo Seattle ni Cape Town. Kwa hiyo filamu kama hii Mombasa nayo inawezekana, bila hata mji kujifanya mwingine. Mhusika awe na simu ya mkopo, ile ya kulipa kidogo kidogo kila siku, maana simu hiyo haitupwi hata jini likija. Kwenye kivuko cha Likoni kupiga picha ni marufuku, basi askari amfokee na yeye aifiche mfukoni, tusikie sauti tupu hadi ng'ambo. Nguvu zicheleweshwe, tuione nyumba kwanza. Na bibi apewe maneno ya kutosha, tofauti na mamake Andrew, ambaye filamu nzima hakupewa kazi ila kuugua na kufa.