Shemeji, Sevilla na joto la kawaida kabisa

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu wa Tanga, Ngamiani kabisa, na miaka yote aliyokaa hapa Köln, Ujerumani, bado kila kitu anakipima kwa Tanga. Mvua ikinyesha, hii nayo mvua, mngeona ya Tanga. Samaki ndo usiguse kabisa hiyo mada. Sasa Mama Mdogo alipopata viza akaja kututembelea kiangazi, Shemeji akatangaza haiwezekani mama mkwe wake atoke Tanga mpaka Ulaya halafu akarudi ameona kanisa kubwa la Köln na maduka ya Waturuki basi. Lazima tumtoe wikiendi moja.

Ikaundwa kamati. Mwenyekiti Shemeji, katibu Shemeji, mweka hazina Shemeji, mimi na Dada wajumbe. Akafungua na grupu la WhatsApp, halafu sijui ilikuwaje akaingiza na ukoo wote wa Tanga, mashangazi, mabinamu, mpaka yule babu anayetumaga sala ya asubuhi saa kumi alfajiri, eti wafuatilie maandalizi.

Siku ya tatu hivi mwenyekiti kaja na habari njema, kapata Sevilla, kusini mwa Hispania, ndege bei chee, nyumba bei chee zaidi, mtaa wa Triana, ukivuka mto Guadalquivir tu uko mjini, AC ipo, mashine ya kufulia ipo, na juu kuna paa la kuanikia nguo na kuotea jua. Katikati ya Agosti. Anatuma picha huku anajipongeza mwenyewe na vile vikaragosi vya makofi.

Kazini kwetu kuna dada mmoja wa huko huko Andalucía, jimbo lenye Sevilla. Nikamwambia wakati wa chakula tunakwenda Sevilla Agosti. Akaacha kutafuna. Akaniuliza mmegombana na nani. Ndo akanieleza kwamba mwezi huo Wasevilla wenyewe hawapo, mwenye gari na asiye na gari wote wamekimbilia baharini, Matalascañas, Chipiona, huko, nusu ya mji imefungwa, na bei za kuumiza utazikuta Aprili wakati wa Juma Kuu na ile feria, tamasha lao, siyo Agosti, Agosti nyumba wanakupa karibu ya bure na wewe usiulize kwa nini. Akanitumia na habari za magazeti: tarehe 14 Agosti 2021 mji wa La Rambla, mkoa wa Córdoba, jirani hapo, ulifika nyuzi 47.6, rekodi ya Hispania nzima. Na Écija, ulioko njiani ukitoka Sevilla kwenda Córdoba, wenyewe wanauita kikaango cha Andalucía. Na mwaka 2022 Sevilla ukawa mji wa kwanza duniani kuyapa majina mawimbi ya joto, la kwanza wakaliita Zoe.

Nikazimwaga zote kwenye grupu. Mama Mdogo akauliza, "Joto limepewa jina? Lilichinjiwa akika?"

Shemeji akajibu kwa voisi, na zile voisi zake ni hotuba. "Shem, mimi nimezaliwa Ngamiani. Nimecheza mpira saa nane mchana, peku, kwenye lami. Hao Wazungu wakiona nyuzi 30 wanaita ambulansi. Joto la wapi hilo la kututisha sisi?" Tanga nzima ikampigia makofi. Babu akatuma amina.

Mimi nilikuwa nataka Granada, niione Alhambra, lile kasri la kale la masultani wa Kiislamu, kwa macho yangu, lakini tiketi za majumba yale ya ndani zinauzwa na saa yako na jina lako, na za tarehe zetu zilishakwisha zamani. Kwenye Excel ya Shemeji Granada ilikuwa imeandikwa "masaa 2, kwenda na kurudi". Tuiache.

Tukafika usiku. Basi la uwanja wa ndege likatushusha Plaza de Armas, tukavuta mabegi kuelekea Triana, na kule maduka ya dawa yana msalaba wa taa za kijani juu ya mlango unaokuonyesha saa na nyuzi joto, sasa tukaukuta mmoja pale karibu na nyumba yetu: saa tano usiku, 34. Shemeji akauangalia akasema hiyo mashine mbovu.

Nyumba nzuri kusema kweli. Ila umeme wa kule una mambo yake, kila nyumba imelipia kiasi fulani cha kuvuta kwa mpigo, ukizidisha swichi kuu inajiangusha yenyewe, tap, kimya. AC peke yake sawa. AC na boila la maji, sawa. Ukiongeza jiko au mashine ya kufulia, giza. Hatukuambiwa. Usiku ule ule Mama Mdogo kabandika chai, tap. Akakaa gizani na sufuria yake mkononi akasema, "Mgao umenifuata mpaka huku."

Kesho yake ratiba ya mwenyekiti: saa nane mchana, Plaza de España. Ni pahala pazuri mno, msije mkadhani naponda, walipajenga kwa ajili ya maonyesho ya 1929, nusu duara kubwa, daraja za kauri, na ukutani mabenchi ya vigae vya rangi, karibu kila mkoa wa Hispania na benchi lake lenye picha. Na hakukuwa na mtu. Uwanja wote ule, sisi na njiwa, na njiwa wenyewe wamejibana kivulini. Shemeji kafurahi, "Mnaona? Hakuna foleni, tumewahi." Akaenda akakaa kwenye benchi la Almería apigwe picha.

Picha ipo. Inamwonyesha hewani. Vigae vile vimepigwa jua toka asubuhi, na yeye kavaa kaptura, akaruka na neno moja ambalo mbele ya mama mkwe halisemwi, akalimalizia kwa kukohoa. Mama Mdogo alikuwa amesimama kwenye kivuli cha nguzo toka tumefika. "Mimi nilijiuliza," akasema, "mabenchi yote haya, na hakuna aliyekaa."

Tena joto lenyewe si la kwetu. La Tanga linakuja na unyevu wake, unatoka jasho, unakaa chini ya mwembe, unajipepea, unaendelea na maisha. La Sevilla linakukausha kama dagaa. Jasho hulioni, unapangusa uso unakuta chumvi. Migahawa kwenye orodha ya Shemeji yote milangoni karatasi, wamefunga, likizo, mpaka Septemba. Mwisho tukapata kibaa kimoja kiko wazi, tukaletewa supu ya nyanya ya baridi, salmorejo, imemwagiwa nguruwe juu, ikarudi jikoni ilivyo, tukala mchicha na dengu, chakula cha pale pale Sevilla, na Mama Mdogo akataka kujua nani kapika maana mkono anao.

Sasa siku iliyofuata.

Saa tisa alasiri. Dada kakimbilia kwenye duka moja kubwa lenye AC, kasema anaangalia viatu, wote tunajua haangalii viatu. Mama Mdogo kalala chumbani, AC inanguruma, vile vibao vya dirishani vimeteremshwa mpaka chini. Shemeji kavaa msuli na singlendi kwa sababu ndege ya bei chee iliruhusu kibegi kimoja na suruali yake pekee ya maana iko juu inakauka pamoja na kanga za Mama Mdogo. Kaweka nguo nyingine kwenye mashine, kaiwasha, halafu kanigusa bega: "Shem, twende juu tuanue, na nikarekodi kavideo niwatumie wale wa Tanga."

Nikavaa ndala. Yeye peku. Nikamwambia, akasema, "Ngamiani."

Paa lenyewe ni bapa, limetandikwa vigae vyekundu, kuta fupi zimepakwa chokaa nyeupe mpaka macho yanauma, na kwa mbali unaiona Giralda, ule mnara wa kanisa kuu ambao zamani ulikuwa wa msikiti. Shemeji akafika katikati kwa mbio za vidole, akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha simu. "Wanakamati, asalaam aleikum, hapa ni Sevilla, saa tisa alasiri, na kama mnavyoona ni joto la kawaida kabisa..."

Upepo. Mlango wa chuma ukajibamiza, kwaa!

Akamaliza salamu zake, akabonyeza kutuma, tukaenda kuvuta mlango. Nje hauna kitasa, una tundu la ufunguo tu. Ufunguo uko mezani jikoni. Simu yangu iko kwenye chaji. Nikamwambia mpigie Dada, akachukua yake aliyokuwa ameiweka juu ya ukuta, kioo cheusi, kimeandika kwamba simu imepata joto kupita kiasi, isubiriwe ipoe. Ipoe wapi!

Tukapiga kelele mtaani. Nani asikie? Mtaa mzima madirisha yamefungwa, wenyewe wako Chipiona miguu kwenye maji. Chini kule msalaba wa duka la dawa peke yake ndo unatuangalia: 43. Unazunguka, unaandika saa, unarudi: 44.

Shemeji akaanza kucheza. Hakuna neno lingine. Mguu huu, mguu ule, huu, ule. Akavua singlendi akaikanyaga, ikasaidia kidogo halafu ikawa nayo ya moto. Nikamhurumia, mume wa dada ni mume wa dada, nikampa ndala moja, sasa tukawa wawili tunarukaruka kila mtu na ndala yake, tumeshikana mabega. Kwenye kona kuna bomba na karo la zamani la kufulia, tukalikimbilia. Yale maji ungeweza kumkandia mzazi.

"Tumwite Mama Mdogo kwa nguvu," nikasema, "chumba chake kiko chini ya hapa hapa."

Akanishika mkono. "Shem, hapana. Nitatokaje mbele ya mama mkwe kifua wazi?"

"Vaa singlendi."

Tukaiangalia. Ilikuwa imegandia kwenye kigae.

Yaani mtu anaungua nyayo na bado anafikiria heshima. Mimi nikaita mwenyewe, Mama Mdogooo, mpaka sauti ikakwaruza, lakini na ile AC na vile vibao asingesikia hata tarumbeta. Shemeji akatoa kanga moja kwenye kamba, imeshakauka mpaka inasimama, akawa anaipunga barabarani apite mtu aione. Kanga yenyewe imeandikwa Mgeni Njoo Mwenyeji Apone. Alipita paka mmoja, akatutazama, akaingia chini ya gari.

45.

Ndo hapo tukasikia kimya. Si mnajua AC ikizimika unavyousikia ule ukimya? Mashine ya kufulia ilikuwa inapasha maji yake, AC inakwenda, nadhani na boila nalo likaona isiwe tabu, tap. Swichi imejiangusha. Tukatazamana. Tukahesabu pumzi. Baada ya muda vibao vya dirisha chini yetu vikaanza kupanda, kwarr, kwarr, na sauti ya Mama Mdogo ikatoka na hasira zake zote: "Mgao gani huu wa saa tisa mchana, hawana haya hawa watu?"

"MAMA MDOGO!"

"Nani?"

"Sisi! Juu!"

"Juu mnafanya nini na umeme umekatika?"

Alichukua muda wake. Kwanza akavaa vizuri, kisha akatafuta ufunguo, kisha akapanda ngazi na magoti yake anasoma bismillahi kila daraja, tunamsikia. Kwa muda huo Shemeji hana pa kujificha, nguo pekee iliyokuwa karibu ni ile kanga, akajifunga kifuani, lubega. Mlango ukafunguka. Mama Mdogo akamtazama mkwewe juu mpaka chini, kanga yake, ndala moja, nyayo nyekundu.

"Hiyo ni kanga yangu ya sherehe," akasema, akageuka akashuka.

Jioni Shemeji kakaa sebuleni miguu kwenye beseni la barafu, na uenyekiti umeshahama. Ratiba mpya ya Mama Mdogo: kutoka alfajiri, adhuhuri kila mtu alale, kurudi mjini saa nne usiku, muda ambao kumbe ndo Wasevilla waliobaki wanatoka na watoto wao wanacheza mpira viwanjani. Hiyo Giralda tuliipanda asubuhi kukiwa na hewa, ndani haina ngazi, ina miteremko 35 ili mwadhini wa zamani apande na farasi, na Mama Mdogo aliyekuwa analia magoti akafika juu wa kwanza. Shemeji alikuwa wa mwisho, anauliza farasi.

Ila hiyo ni baadaye. Jioni ile ya beseni simu yake ikapoa, ikajiwasha, na kile kivideo alichokuwa amekibonyeza kutuma kikaenda chenyewe kwenye grupu, kizima, na "joto la kawaida kabisa", na kwaa ya mlango, na sauti yangu nyuma inauliza, "Shem, ufunguo unao?" Mashangazi wakaanza. Binamu mmoja akakata kile kipande cha mlango akakirudisha na muziki wa mchiriku. Babu akauliza mbona mkwe yuko peku.

Shemeji akalefti grupu. Dada akamrudisha baada ya kama nusu saa hivi kwa sababu risiti ya nyumba na tiketi za kurudia zilikuwa kwenye barua pepe yake, lakini uadmini hakupewa tena.