Skolashipu ya masta nje: sawa utarudi, ila utarudi wapi?

Kuna binti wa Newala, huku kwetu Mtwara, afisa kilimo wa halmashauri, digrii yake kachukua SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, kwa mkopo wa bodi, sasa kapata skolashipu ya miaka 2 kwenda kusoma masta ya afya ya mimea huko Ulaya, inalipa ada, bima na hela ya kujikimu kila mwezi. Habari zimefika nyumbani na familia imegawanyika. Mjomba anasema aende hata kesho. Mama anasema binti ana miaka 29, akirudi ana 31, na ajira ya serikali watu wanaitafuta kwa tochi yeye anataka kuichezea. Ofisini wapo wanaompongeza na wapo wanaomuuliza chini chini, sa hiyo masta ikishakuja mshahara unapanda? Na sisi wa huku mjomba akishaongea kuhusu mtoto wa dada yake kwa kawaida imetoka hiyo, ila safari hii hata mjomba kapata upinzani, na ubishi wenyewe umetoka nje ya ile nyumba mpaka vijiweni.

Mi nimesikiliza pande zote na naona kila upande una hoja, ila wote wanabishania nusu ya jambo.

Tuanze na wanaosema aende. Hela za hizi skolashipu kubwa ni za kweli, hapo hakuna longolongo. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya inatoa euro 1,400 kwa mwezi na unasoma kwenye nchi zisizopungua 2. DAAD ya Wajerumani, kwenye zile kozi zao za mambo ya maendeleo, wanataka uwe umefanya kazi miaka 2 na digrii yako isiwe imepitisha miaka 6. Chevening ya serikali ya Uingereza ipo tangu 1983, ni masta ya mwaka mmoja, kuomba ni bure kabisa. China nao kwa skolashipu ya serikali yao wanampa mwanafunzi wa masta yuan 3,000 kwa mwezi. Mtu ambaye kwao wanategemea mikorosho, ambayo mwaka ikipigwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, hata ada ya mdogo wake inakuwa shida, hela kama hiyo ya kusomea hawezi kuipata kwingine kokote, tusidanganyane.

Afu kuna hoja ya ujuzi wenyewe, hii ndo ina uzito zaidi. Pale Naliendele, Mtwara, ndo kituo cha utafiti wa korosho cha nchi nzima, na magonjwa ya mikorosho hayaishi, ukimaliza ubwiriunga unakutana na mnyauko ambao sulphur, ile dawa ya ubwiriunga, haiwezi kitu. Mtu aliyekaa maabara miaka 2 akajifunza kutambua vimelea vya ugonjwa kwa vipimo vya kisasa akirudi kwenye mikorosho ana faida ambayo mkulima wa Tandahimba anaiona kwa macho. Ukienda Lindi, ule mradi wa LNG, gesi asilia inayogeuzwa kimiminika, pale Likong'o, unaotajwa kuwa wa dola bilioni 42, umekaa kwenye mazungumzo miaka na miaka, na mezani upande wa pili wamekaa watu wa kampuni za Shell na Equinor ambao kazi yao ni mikataba ya gesi asubuhi mpaka jioni. Huko lazima uwe na watu wako waliosomea hayo mambo vizuri, na wengine wawe wenyeji wanaojua Likong'o iko wapi.

Na wanaosema aende wana silaha yao moja, Mzee Mkapa. Mtoto wa Lupaso, Masasi, akapita Ndanda, akafika Makerere na baadaye Columbia kule New York mwanzoni mwa miaka ya 60, akaja kuwa Rais. Ni kweli kabisa. Ila tukumbuke enzi hizo wasomi nchi nzima ulikuwa unawahesabu, ukirudi na cheti kiti kipo kinakusubiri, tena viti viwili vitatu uchague. Leo ukirudi na masta unapanga foleni kwenye Ajira Portal, mtandao wa kuombea kazi za serikali, pamoja na vijana wa digrii moja, na matangazo mengi pale yanataka hiyohiyo digrii moja au diploma, hiyo ya pili haiombwi.

Hapo ndo wanaosema asiende wanapopata nguvu. Kwa mtumishi wa serikali masta haimaanishi mshahara unapanda kesho yake, inategemea muundo wa kada yako unasemaje na mwajiri ana nafasi gani, na wapo walimu wana masta zao ndani ya droo na wanafundisha palepale, madaraja yanapanda kwa zamu kama ya wenzao. Kingine ni ruhusa. Mtumishi akikosekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa hilo ni kosa la kufukuzwa, na kuna watu tiketi ikishafika wanaona barua ya ruhusa inachelewa wanaamua kupanda ndege tu, mambo watayamaliza wakirudi. Hayamaliziki. Miaka 2 baadae mtu ana cheti kizuri cha Ulaya na jina lake kwenye mfumo wa mishahara halipo.

Halafu hela ya nyumbani, hii watu hawaisemi wazi. Ile euro 1,400 ukiibadilisha inasikika kama mshahara wa mkurugenzi, na ndugu wakishafanya hiyo hesabu basi kila msiba, kila bati la nyumba, kila ada inapigiwa simu kwako. Wakati hela ile imepangwa kwa mtu mmoja kulipa chumba, chakula na usafiri kwenye miji ambayo chumba peke yake kinaweza kula sehemu kubwa ya hiyo hela. Wanaokuwa na watoto ndo kabisa. Uingereza tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kawaida haruhusiwi kuleta mke au mume na watoto, wenye skolashipu ya serikali wameachwa nje ya hilo katazo, lakini hata wa Chevening familia yake anaigharamia mwenyewe, skolashipu haiwahusu.

Kwa hiyo nani kashinda? Hapa ndo nakuja kwenye hiyo nusu iliyosahaulika.

Pande zote wanabishana aende au asiende, na wakibishana sana wanafika kwenye atarudi au hatarudi. Nyerere miaka ya 60 alishasema msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote kijijini wakati wa njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wengine, asiporudi nacho ni msaliti. Wenye skolashipu nao wanalijua hilo, Chevening lazima urudi nchini kwako miaka 2, Fulbright ya Wamarekani nayo viza yao inakubana miaka 2 nyumbani. Sawa. Lakini nchini kwako ni wapi? Mtu akitoka Leeds, Uingereza, akashuka Dar akapata kazi Masaki, kwa wenye skolashipu karudi, fomu imetiki. Kwa mkulima wa Newala hakuna kilichorudi hapo. Karudi Tanzania, kusini hajafika, hajavuka hata Daraja la Mkapa pale Rufiji, mlango wa kuja kusini.

Na hii kitu haikuanzia kwenye ndege. Watoto wetu wanaofaulu wanaondoka kuanzia kidato cha tano, wanaenda chuo Dar, Morogoro, Dodoma, wanapangiwa kazi hukohuko, na mzazi anaona ni sifa. 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kuhusu gesi kupelekwa Dar kwa bomba, ila vichwa vinapelekwa Dar kila mwaka kwa basi na sijaona hata bango moja. (Na kama ni cha kusini kuondoka kisirudi bingwa ni yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, Wajerumani walimchimba pale Lindi kati ya 1909 na 1913, yuko Berlin mpaka leo kasimama mita 13 hivi, na hakusaini fomu yoyote ya kurudi.)

Ndo maana kwa yule binti mi niko upande wa mjomba, lakini sababu zangu siyo za mjomba. Yeye anaangalia Ulaya, mi naangalia anachoenda kusomea na kiti anachoacha. Anasomea kitu kinachoota huku. Ana mwajiri huku. Akipata barua ya ruhusa na akasaini mkataba na mwajiri wake, basi kurudi kwake kuna anuani. Mwenzake anayetoka kapuku, hana kazi, anaomba masta ya mahusiano ya kimataifa kwa sababu ndo imetokea kwenye listi, huyo simkatazi, ila asituambie anaenda kuisaidia kusini, kazi za hiyo fani ziko Dar na Dodoma na yeye atazifuata, kama ambavyo mi pia ningezifuata.

Kwa huyo wa pili pengine kusoma hapahapa kungemfaa zaidi, Chuo Kikuu Huria wana vituo Mtwara na Lindi, unasoma huku unafanya kazi, shida yake ni kwamba ada unailipa mwenyewe na maabara kubwa hamna, kwa fani za vipimo haitoshi.

Ila kuna jambo linanikera kwenye haya mambo. Vijana wa huku wengi hawaombi kabisa wakiamini skolashipu ni za watoto wa wakubwa. Chevening inataka saa 2,800 za kazi, na kujitolea kunahesabiwa, hata kama hukulipwa. Sasa mtu kafundisha kwa kujitolea shule ya kata miaka 2, au kakaa karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, misimu mitatu, ukimuuliza uzoefu anakwambia sina. Una, tena mzuri! Esei ya uongozi wengi wanaandika mimi ni kiongozi tangu utoto wangu, anayesoma kule analala. Karani aliyesimama kwenye mzani akakataa korosho za kangomba, zile za walanguzi wanaonunua kwa magendo, zisiingizwe kwa jina la mkulima ambaye hana hata shamba, wakubwa wa kijiji wamemnunia, na bado msimu ukaisha na hesabu za ghala zimekaa sawa, huyo ana esei ambayo mtoto wa mkubwa hawezi kuitunga.

Kinachotuangusha ni gharama za kabla ya kushinda, na hizo zinamuuma mtu wa kusini kuliko wa Dar. Pasipoti 150,000. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS unapita nusu milioni na unasafiri kwenda kuufanyia Dar, viza Dar, kipimo cha kifua kikuu cha viza ya Uingereza Dar, usaili mara nyingi Dar, na hiyo ni barabara ya kilomita zaidi ya 550 ambayo mvua ikikaza pale Somanga inaweza kukatika kama ilivyokatika 2024. Bahati nzuri baadhi ya vyuo vinakubali barua kutoka chuo ulichosoma inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza, badala ya IELTS, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujauza chochote. Na kalenda yenyewe haitupendi, 2024 na 2025 dirisha la Chevening lilifunguliwa Agosti likafungwa mwanzoni mwa Oktoba, muda ambao huku mifuko imekauka, minada ndo kwanza inasubiriwa. Hapa halmashauri na vyama vikuu vya ushirika wangeweza kusaidia, siyo kwa kumsomesha mtu Ulaya, kwa kumkopesha tu nauli na hela ya mtihani kwa makubaliano ya kurudi kufanya kazi mkoani. Hela yenyewe haifiki hata bei ya pikipiki.

Huyo binti kwa sasa barua yake ya ruhusa iko kwa mkurugenzi. Mama bado hajakubali na ana haki yake, hilo la umri siwezi kulisemea mimi. Nilichomwambia ni kimoja, asilipie tiketi wala asikabidhi funguo za ofisi mpaka ile barua irudi na mhuri, hata kama chuo kinamkimbiza na tarehe, maana chuo ukikiandikia mapema wakati mwingine kinasogeza mbele kidogo, siku 5 za utumishi hazisogei.