Meya anavaa joho, amri ni za wengine

Juzi tukiwa tumebanana kwenye kifodi cha Kijenge, kijana wa bodaboda aliniuliza kwa nini Meya asiwaambie tu polisi wawaachie pikipiki zao. Nikamwambia Meya hana mamlaka hayo. Akaguna, "Sasa Meya wa nini?"

Swali hilo limenikaa rohoni, maana jiji letu la Arusha limelilipia kwa damu. Januari 5, 2011 watu waliandamana kupinga namna Meya alivyopatikana. Polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi na risasi, na watu watatu wakafa. Kiti chenyewe kiligombewa hadi watu wakazikwa, na aliyekikalia hana uwezo wa kumwamuru hata koplo.

Halafu ikaja Mei 2017. Sote tunakumbuka Karatu, basi la Shule ya Lucky Vincent ya hapa Arusha lililotumbukia korongoni na watoto wetu wa darasa la saba. Tarehe 18 mwezi huo Meya wa wakati ule, Kalist Lazaro, alikwenda shuleni hapo pamoja na viongozi wa dini, wenye shule binafsi na waandishi wa habari. Walipeleka rambirambi. Polisi wakawakamata wote, wakawapeleka kituoni, eti mkusanyiko usio halali.

Mpaka leo nikilifikiria nashikwa na hasira. Kwetu mtu akifiwa hata hasimu wake huingia, akatoa pole, akakaa kwenye mkeka. Hakuna anayeomba kibali cha kwenda msibani. Na huyu alikuwa Meya wa jiji lililofiwa! Kama yeye anaweza kupakiwa kwenye gari la polisi mbele ya kamera akiwa na mkono wa pole, yule mama anayeuza mbogamboga soko la Kilombero atamlilia nani siku mwanawe akikamatwa bila kuambiwa kosa?

Nasikia wanaosema polisi ni wa taifa, hawawezi kugawanywa kwa kila jiji. Sawa. Ila Katiba yetu, ibara ya 146, inazipa serikali za mitaa kazi ya kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Watafanyaje kazi hiyo? Kamati ya usalama inaongozwa na Mkuu wa Wilaya, mteule wa Rais, ambaye sheria ya mwaka 1997 inamruhusu kumweka mtu ndani saa 48. Meya, aliyepigiwa kura na madiwani tuliowachagua sisi, anabaki kufungua semina na kukata utepe.

Kampala wanamchagua Lord Mayor wao moja kwa moja, na bado Erias Lukwago, aliyewahi kuchaguliwa hivyo, alizuiwa na polisi nyumbani kwake mara nyingi tu. Kwa hiyo kura peke yake haitoshi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Meya mwenye polisi wake naye anaweza kuwageuza fimbo ya kuchapia wapinzani. Mgambo wako chini ya halmashauri, na nimewaona kwa macho yangu wakimwaga beseni la maparachichi la mama mmoja barabarani, wakayakanyaga, wakaondoka na mzani wake. Hata New York, ambako Meya ndiye anayemteua mkuu wa polisi, askari walimgeuzia mgongo Meya wao Bill de Blasio kwenye mazishi ya askari mwenzao mwaka 2014.

Ndiyo maana siombi Meya apewe bunduki. Naomba OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, aitwe kwenye Baraza la Madiwani kila robo mwaka, asimame pale anaposimama mganga mkuu na ofisa elimu, wananchi wakisikiliza. Diwani amuulize: doria ya kata yangu mbona haionekani? Pikipiki zilizojaa uani kituoni zimeshikiliwa kwa kosa gani, na vijana wenye nazo wako wapi? Ajibu kwa takwimu, yaandikwe kwenye muhtasari, na kikao kijacho aulizwe tena.