Baba wa mtoto yuko wapi, baba wa mtoto yuko wapi!

Single maza wenzangu, hivi kuna mtu ameshavuka mpaka na mtoto bila kuulizwa hili swali? Natoka zangu Kigoma naenda Bujumbura, siendi mwezini, Burundi tuko nao Jumuiya moja tangu 2007. Pasi zetu ninazo, cheti cha kuzaliwa ninacho, kadi ya homa ya manjano hii hapa, mtoto mgongoni, begi bega hili, chupa ya uji mkononi inavuja, afisa anafunua makaratasi anafunga anafunua tena alafu, "baba yake yuko wapi?"

We kaka, ningejua alipo si ningeshamdai matumizi?

Eti barua ya ridhaa. Mtu pampasi moja hajawahi kununua leo ndo wa kunisainia mimi? Na foleni nzima imetega sikio, mama wa dagaa kashaanza "pole mwanangu", pole ya nini sasa. Afu kuna mbaba kapita mbele yangu na watoto wawili, kaulizwa mama yao? Thubutu! Kaambiwa safari njema mzee.

Mtoto naye si akamnyooshea afisa kidole, "baba!" Watu hoi. Muhuri uligongwa fasta hiyo.