Msamiati mgumu wa Kiingereza: tukariri kadi au tusome?

Jioni moja barazani, hapa Ngamiani, Tanga, nilimshikia kadi kijana wa jirani anayejiandaa na GRE, mtihani wa wanaoomba shahada za juu, hasa Marekani. Alikata karatasi za manila vipande vipande: mbele neno la Kiingereza, nyuma maana yake kwa Kiswahili. Nikanyanyua "invaluable". Akajibu bila kusita: kisicho na thamani. Nikageuza kadi: chenye thamani isiyokadirika. Kiambishi "in-", ambacho mara nyingi hukanusha, kilimponza.

Walimu wengi wangesema hapohapo atupe kadi, asome vitabu. Mimi sisemi hivyo. Kijana huyu alisoma msingi kwa Kiswahili, na Kiingereza kikaja kuwa lugha ya kufundishia akiwa kidato cha kwanza. Neno kama "laconic" anaweza kusoma magazeti wiki nzima asilione. Akilisubiri lije lenyewe, tarehe ya mtihani itatangulia, na ada ni zaidi ya dola 200, si fedha ya kujaribia bahati.

Tena kadi zinafanya kazi zikirudiwa kwa mpango. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe, alionyesha jinsi tunavyosahau kwa kasi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa siku kwa siku hushinda ya mkupuo mmoja. Maboksi matatu ya viatu yanatosha: uliyoipatia inasogea boksi la mbele na kurudiwa baada ya siku kadhaa, uliyoikosa inarudi boksi la kwanza.

Lakini kadi yenye maana moja inadanganya. Mgeni aliyekariri kwamba "kata" ni kutenganisha kwa kisu atafanya nini akisikia kata tiketi, kata kiu, kata tamaa? GRE imejaa maneno ya namna hiyo. "Qualify" huko huweza kuwa kuliwekea dai mipaka, na "check" ikawa kuzuia. Kijana anayaona, anayajua, anayapita, na alama zinakwenda. Isitoshe, tangu Agosti 2011 mtihani huo uliacha maswali ya vinyume na ya ulinganisho wa jozi za maneno. Sasa neno linachaguliwa kujaza pengo ndani ya sentensi, na asiyeifuata sentensi inakoelekea hata orodha ya maneno elfu haimwokoi.

Kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza cha wanaotaka kusoma au kuhamia ng'ambo, naona orodha za maneno mazito zinaumiza zaidi kuliko kusaidia. Katika kuandika na kuzungumza, msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne, na pamoja na upana kinapimwa usahihi. Nimeona insha ya utalii yenye "the pulchritudinous sea of Raskazone". Kamusi inakubali kwamba neno hilo lina maana ya uzuri, ila kwa kawaida husemwa juu ya sura ya mtu, nalo katika insha ya kawaida linakwaruza sikio. "Beautiful" ingepita salama. Anayeelekea huko heri aanze na orodha ya Averil Coxhead ya mwaka 2000: familia 570 za maneno ya kitaaluma, kama "analyse" na "significant", ambayo atakutana nayo kila ukurasa wa chuo.

Lipo jambo moja ambalo sisi tunalo nyumbani na hatulitumii. Anayezungumza Kiswahili anajua tangu utoto kwamba soma, msomaji, somo, someka na somesha ni ndugu. Mwonyeshe "bene", shina la Kilatini lenye maana ya wema, naye atawaweka pamoja "benefit", "benefactor" na "benevolent" kwa dakika moja. Kukisia huko kuna mpaka wake, kama "invaluable" ilivyotuonyesha, kwa hiyo kila anachokisia akikague ndani ya sentensi.

Ndivyo tulivyofanya jioni ile. Chini ya maana aliongeza sentensi yake, juu ya bibi yake aliyemlea: "My grandmother's advice has been invaluable to me." Kisha akachukua kadi iliyofuata na kalamu.