Ripoti kaeni nayo, mimi nipeni picha

Wiki iliyopita nimesimama dirishani pa idara ya mionzi zaidi ya saa nzima nikiomba kitu kimoja tu: sidii ya picha za kifua cha mama yangu. Mapafu ni yake, mwenyewe ndiye aliyelala kwenye ile mashine akaambiwa vuta pumzi, ishike, achia. Kijana wa dirishani akaniangalia kama niliyemwomba funguo za nyumba yake.

"Dada, ripoti si mnayo? Picha za nini, unajua kuzisoma?"

Sijui kuzisoma, mdogo wangu. Ndiyo maana nampelekea anayejua.

Mambo yalianza na kikohozi cha wiki tatu. Eksrei ikaonyesha kitu, mama akapelekwa siti skani, ile mashine inayopiga picha za mwili kipande kwa kipande. Ripoti ya kwanza: kinundu cha milimita 11, pafu la kulia, juu, "saratani haiwezi kuondolewa". Shangazi aliposikia hivyo akaelewa kwamba saratani ipo na haikatiki tena, akaanza kupigia watu simu waje kumwona mgonjwa. Kumbe kwa lugha yao maana yake ni "sina ushahidi wa kutosha kusema siyo". Siku mbili tulilia kwa sababu ya kitenzi! Hivi ni nani aliyewafundisha kuandika namna hii?

Wiki mbili baadaye, hospitali nyingine, skani nyingine: milimita 8, "yaelekea ni kovu la zamani". Basi nyumba ikagawanyika kama mashabiki wa timu mbili. Huku wanashika ripoti ya kwanza na leso, kule wanashika ya pili na kumshukuru Mungu. Mama katikati anauliza kama kuna aliyekumbuka kumwekea maji ya kuoga.

Kosa letu sote lilikuwa kudhani kwamba wale wataalamu wawili wamebishana. Hawakubishana. Hawakukutana hata kwenye picha! Wa kwanza alisoma picha zilizokatwa vipande vinene vya milimita 5, wa pili vya milimita 1, na huyo wa pili hakuonyeshwa kabisa zile za mwanzo. Kinundu kidogo ukikitazama katika vipande vinene, kingo zake hufifia, na mahali pa kuweka alama ya kipimo panabaki kwa jicho la anayepima. Watu wawili wakipima kinundu kilekile kwenye picha ileile, kutofautiana milimita moja au mbili ni jambo la kawaida. Shida ni kwamba milimita hizo si mchezo: kitu cha mviringo kikitoka kipenyo cha milimita 8 hadi 10, ujazo wake umekaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo tofauti ileile inaweza kuwa uvimbe unaokua au mkono uliosogea kidogo kwenye kipanya cha kompyuta wakati wa kupima. Ripoti mbili ukiziweka mezani haziwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo. Picha zikiwekwa sambamba, jicho moja likazipima zote kwa namna moja, hapo ndipo kuna jibu.

Ndiyo sababu kumpelekea daktari wa tatu karatasi mbili nakuita kupoteza nauli. Atasoma maneno, kisha ataongeza yake. Daktari wa kifua tuliyempata, baada ya sidii kutoka (nilitishia kulala pale pale), hakuzigusa ripoti kwanza. Aliuliza, "Picha za zamani ziko wapi? Hata za miaka kumi iliyopita." Mama akakumbuka bahasha ya kahawia chini ya godoro, filamu ya eksrei ya wakati alipotibiwa kifua kikuu, imejikunja pembe. Daktari akaiinua kwenye taa, akanyamaza, akaishusha, akaiinua tena. Kisha akarudi kwenye kompyuta akapima mwenyewe skani zote mbili. Tisa. Na tisa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba anayesoma picha za makumi ya watu kwa siku hawezi kukaa na kila kinundu kama mtoto wake. Nakubali pia kwamba kaka yangu alitaka daktari wa nne, wa tano, hadi apatikane wa kusema anachotaka kusikia. Hapo sina la kumtetea.

Lakini anayesema kuomba daktari wa pili ni dharau, huyo simwelewi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2011, wavutaji na waliowahi kuvuta sigara zaidi ya 53,000 walipimwa, na katika majibu ya siti skani yaliyoonyesha kitu cha kutiliwa shaka, zaidi ya asilimia 95 hayakuwa saratani. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba skani hizo zilipunguza vifo vya saratani ya mapafu. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na wewe unataka nisiulize?

Peti skani, ile ambayo sehemu za mwili zinazotumia sukari nyingi, kama saratani, huwaka kwenye picha? Tuliitaja. Daktari akasema kifua kikuu kikiwa hai nacho huwaka humo kama saratani, tusikimbilie. Sindano ya kuchukua kinyama nayo inaweza kutoboa pafu. Kwa kinundu kinachozidi milimita 8, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unataja njia hizo mbili na ya tatu: kurudia skani baada ya miezi mitatu. Tumechagua ya tatu. Kivuli kwenye ile filamu ya zamani kipo mahali palepale, alisema, ila eksrei peke yake haimtoshi kuapa.

Kwa hiyo tunasubiri. Sidii zote mbili zimeingia kwenye ile bahasha ya kahawia. Nilitaka nikae nazo mimi, mama akakataa, akazirudisha chini ya godoro lake.